Kununua Nyumba Yenye Watu Ndani

 Jambo kwenu mlio katika nyumba zenu, na kwenu mliopanga, na kwenu mnaolala kwa jamaa au chini ya bashi. Wazee wetu, mashefu wa avenyu na wa kartie, tunawasalimu kwa heshima, kwa sababu mazungumzo ya leo yatawagusa ninyi zaidi.

Tunazungumza juu ya mtu anayenunua parseli ili apate faida. Parseli hiyo ina nyumba, na ndani ya nyumba kuna familia zilizopanga. Mnunuzi anataka watoke. Je, ana haki? Kama ana haki, anapaswa kuitumia namna gani? Na wale wanaoambiwa watoke, wanaweza kudai nini?

Labda mmoja wenu anajiuliza jambo hili linaingiaje katika kipindi cha amani. Linaingia hivi. Mnunuzi ana kabila lake, mpangaji ana lake, aliyeuza ana lake. Siku vyombo vya mtu vinapotupwa barabarani, jioni hiyo hiyo watu hawasemi tena, "Fulani amemtoa fulani." Wanasema, "Watu wa upande ule wanatufukuza." Neno hilo likisha kutamkwa, hakuna resi wala kontra inayoweza kulirudisha. Nafikiri ugomvi mwingi wa mitaani unaoitwa wa kabila ulianza kama ugomvi wa kodi, na ungalimalizika pale pale kama ungalishikwa mapema.

Tuuangalie mji wa Goma, ambao wengi wetu tunaujua. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto wake hadi katikati ya mji, ikafunika maduka na makao ya maelfu ya watu. Mji ukajengwa tena juu ya mawe meusi. Katika miaka ile ile askari wa Umoja wa Mataifa, yaani MONUC, na mashirika ya msaada walikuja kwa wingi. Walitafuta nyumba za kuta imara, zenye ukuta wa nje na tangi la maji, nao walilipa kwa dola. Himbi na Katindo zikabadilika sura. Mtu aliyekuwa na nyumba ya mbao akaona jirani anajenga ya mawe na kupokea kwa mwezi mmoja kile ambacho yeye hukipata kwa miezi mingi. Tamaa hiyo naielewa, hata mimi ningekuwa nayo.

Kisha yakaja mawimbi mengine. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena na kuteketeza nyumba upande wa Buhene. Baadaye vita vya M23 vilisukuma watu kutoka Rutshuru, Nyiragongo na Masisi. Wengi walijaa Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala. Wengine, ambao hawahesabiwi vizuri, walitafuta chumba cha kupanga Ndosho, Majengo au Mabanga. Mwezi wa Januari 2025 Goma ikashikwa, na mwezi uliofuata makambi yale yakavunjwa. Waliorudi vijijini walirudi, na wasioweza kurudi wakatafuta tena chumba. Kila wimbi kama hilo linapandisha bei ya chumba, na bei inapopanda, kuna mtu anayekaa na karatasi yake na kupiga hesabu: nikinunua parseli hii na kuwatoa hawa waliomo, nitaingiza kiasi gani?

Sisemi kwamba hesabu hiyo ni dhambi. Anayejenga nyumba nzuri mahali pa mbao zilizooza anaufaa mji. Anatoa kazi kwa waashi, mafundi wa mabati na wanaobeba mchanga. Mji bila watu wa namna hiyo utabaki mabanda. Lakini mnunuzi wa parseli yenye watu hanunui mawe na mabati peke yake. Ndani ya nyumba hiyo kuna ahadi: mwenye nyumba wa kwanza alimwambia mpangaji, "Lipa kiasi hiki, ukae." Mpangaji akalipa, akaandikisha watoto shule ya karibu, akapata wateja wake wa makala na ndizi pale pale. Ahadi ile haifi kwa sababu jina limebadilika kwenye sertifika.

Na sheria yetu inasema hivyo hivyo. Dekreti ya mapatano ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ni ya zamani kuliko mababu zetu wengi na ingali inatumika, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana, na lazima yatimizwe kwa nia njema. Dekreti hiyo hiyo inaeleza kwamba mwenye nyumba akiuza, mnunuzi hawezi kumfukuza mpangaji mwenye kontra ya tarehe isiyobishaniwa, isipokuwa kontra yenyewe iliacha mlango huo wazi. Ndiyo maana nawasihi wapangaji: kontra ya mdomo ni kontra, lakini siku ya kesi mdomo husahau. Iandikwe, itiwe tarehe, ipelekwe kwenye ofisi ya Habita ipigwe muhuri.

Kuna pia sheria mpya zaidi, namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu nyumba za kupanga zisizo za biashara kubwa. Kwa nyumba ya kulala, garanti isipite kodi ya miezi mitatu. Mnaombwa sita, mnaombwa hata kumi. Hiyo si sheria, ni nguvu. Anayetaka nyumba yake atoe onyo miezi mitatu mbele. Wakigombana, wapite kwanza Habita wapatanishwe, na wakishindwa hapo ndipo mahakama inafunguliwa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inalinda pande zote mbili: kifungu cha 34 kinalinda mali ya mtu, cha 29 kinasema makao ya mtu hayaingiliwi ovyo, na cha 48 kinataja haki ya kuwa na makao yanayofaa. Makao ya mpangaji ni makao. Mlango wake ni mlango wake mpaka siku kontra inapokwisha.

Nataka tukae kidogo kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo ukweli wa jambo hili unapoonekana. Tuchukue mfano. Parseli moja ina familia nne, kila moja inalipa dola 40 kwa mwezi na ilitoa garanti ya dola 120. Mnunuzi anaichukua kwa dola 30,000, anawaambia watu, "Nawapa majuma mawili." Mama mmoja kati yao anauza mboga na kuleta nyumbani dola 3 kwa siku nzuri. Anatafuta chumba kingine. Bei imepanda, sasa ni dola 50. Anadaiwa garanti ya 150, kodi ya mwezi wa kwanza 50, komisioneri anataka mwezi wake mmoja, ni 50 tena, na mwenye chukudu wa kubeba magodoro na masufuria anataka 10. Jumla dola 260. Ni kazi ya siku zaidi ya themanini, bila kula hata kipande kimoja cha bugali.

Na garanti yake ya zamani? Anamwendea aliyeuza, anaambiwa, "Mimi nimekwisha kuuza, muulize mwenye nyumba mpya." Anamwendea mpya, anaambiwa, "Mimi sikupokea pesa yako." Mmoja ana pesa, mwingine ana nyumba, mama ana safari za bure. Komisioneri, ambaye amelipwa na aliyeuza, amelipwa na aliyenunua, na sasa anangoja kulipwa na mama, ndiye mtu pekee ambaye hajapoteza kitu katika habari hii.

Sasa tugeuze hesabu upande wa mnunuzi. Garanti za familia zote nne ni dola 480. Akiongeza dola 10 za chukudu kwa kila familia, ni 520. Katika parseli ya 30,000, hiyo haifiki dola 2 kwa kila 100. Kitu ambacho kwa mama ni miezi mitatu ya njaa, kwa mnunuzi ni kidogo kuliko bei ya geti la chuma. Hapo nasema wazi mawazo yangu: mtu asiyeweza kutenga hizo mbili kwa mia hana uwezo wa kununua parseli yenye watu. Atafute kiwanja kitupu, vipo.

Njia ya kuzuia habari hii ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kabla pesa haijahesabiwa, wakae watatu: anayeuza, anayenunua na wapangaji. Garanti zote ziandikwe majina kwa majina, na jumla yake ikatwe kwenye bei. Mnunuzi amlipe muuzaji 29,520 na kubaki na 480 kwa jina la wapangaji, azirudishe siku ya kutoka. Mambo yakifanyika namna hiyo hakuna anayeonewa, na hakuna anayeweza kumtuma mtu kwa mwingine. Lakini hii inadai muuzaji aseme kweli kwamba nyumba ina watu na kwamba amekula garanti yao, na inadai wapangaji wajulishwe kabla ya kuuzwa. Ninajua wengi huuza kwa siri. Mpangaji anagundua siku anapoona watu wageni wanapima ukuta wake kwa kamba.

Tuseme sasa juu ya vitendo ambavyo havina jina zuri. Kuna mwenye nyumba anayetoa mabati wakati watu wamo. Kuna anayeng'oa mlango, anayefunga choo, anayekata umeme, anayepandisha kodi mara mbili ili mtu atoke mwenyewe na isemwe kwamba hakufukuzwa. Kuna anayeleta mtu mwenye silaha asimame tu uani, asiseme kitu. Yote hayo ni kufukuza. Tena kuna wanaompeleka mpangaji kwenye kashoti ya polisi kwa sababu ya deni la kodi. Nchi yetu iliingia mwaka 1976 katika Mapatano ya kimataifa ya haki za kiraia na kisiasa, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza deni la mapatano. Deni la kodi linapelekwa mbele ya mpatanishi na hakimu. Mwaka ule ule tuliingia katika Mapatano ya haki za uchumi, jamii na utamaduni, na kamati inayoyasimamia iliandika mwaka 1997 kwamba hata pale kufukuzwa kunaporuhusiwa, watu waonywe mapema, wasitolewe usiku wala katika hali mbaya ya hewa, na wasiachwe bila pa kulala.

Wengine watasema: Mwalimu, unasema kwa ajili ya mpangaji tu. Hapana. Ninawajua wajane ambao chumba kimoja cha kupanga ndicho shamba lao. Mpangaji asipolipa miezi mitano na bado anatamba kwamba "sheria inanilinda," anamnyang'anya mjane chakula. Vita haviondoi deni. Aliyekimbia akashindwa kulipa, aende aseme mapema, apunguziwe au apewe muda, na iandikwe. Miezi mitatu ya onyo pia si ya kulala. Ni ya kutafuta, na kodi inaendelea. Na mwenye nyumba anayehitaji chumba chake kwa sababu mtoto wake mwenyewe amekimbia vita na amerudi nyumbani, huyo siwezi kumpima sawa na mwenye kuongeza nyumba ya saba. Sheria inawapa wote wawili miezi mitatu ile ile. Dhamiri inawatofautisha.

Na hapo tunafika mahali ambapo sheria inakwisha. Mnunuzi anaweza kutimiza kila kifungu na bado akafanya ubaya. Miezi mitatu inayoishia wiki moja kabla ya mitihani ya Serikali ni ya halali, lakini mtoto wa darasa la mwisho anapoteza mwaka. Mwanamke aliyejifungua siku nne zilizopita anaweza kutolewa siku ambayo karatasi inasema, na hakuna hakimu atakayemlaumu mtu. Mnunuzi mwenye moyo anauliza kwanza: nani ni mgonjwa, nani ana mtoto shuleni, nani alitoka juzi Masisi na hana jamaa hapa? Kumwongezea mtu huyo majuma machache hakubomoi nyumba. Aseme pia ukweli wa nia yake. Kumwambia mtu, "Natengeneza paa tu, utarudi," huku ramani ya ghorofa imekwisha kuchorwa, ni uongo unaomzuia kujitafutia. Kama kweli atajenga vyumba vya kupanga, awaite wa zamani kwanza kabla ya kumwita komisioneri. Pengine bei mpya itawashinda. Hata hivyo, aliyeitwa akashindwa haendi na hasira ya aliyefukuzwa.

Tena kuna parseli ambazo ni afadhali mtu asizinunue sasa. Wenye nyumba wengi walikimbia, wengine wakaacha wapangaji ndani, wengine nyumba zao zimeingiwa na familia zilizokimbia kutoka kwingine. Anatokea mtu na karatasi, anauza kwa nusu ya bei. Rahisi hiyo ina sababu yake. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Mtu hununua nyumba pamoja na haki ya kutumia kiwanja, na haki hiyo huonekana kwenye sertifika, haionekani kwenye maneno ya shemeji. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2005 juu ya nyumba na mali za wakimbizi, ziitwazo kanuni za Pinheiro, zinashika pande mbili pamoja: aliyekimbia hapotezi nyumba yake kwa kukimbia, na familia iliyojisitiri humo isitupwe nje kama takataka siku mwenyewe anaporudi. Mnunuzi anayejiingiza katikati anawanyima wote wawili nafasi ya kupatana.

Wazee wetu mashefu, nawageukia ninyi. Vita vilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, mahakama za Serikali zilisimama na mabenki yakafunga milango. Katika wakati wa namna hiyo ninyi ndio mnaobaki mlangoni pa watu. Mnaletewa karatasi ya kutia muhuri: "Fulani anapaswa kutoka kesho." Pamoja na karatasi kuna bahasha. Shefu wa avenyu hana uwezo wa kumtoa mtu katika nyumba, na muhuri wake juu ya karatasi hiyo hauifanyi kuwa hukumu. Uwezo mlio nao ni mwingine, nao ni mkubwa: kuwaita watu wakae. Waiteni mchana, mahali wazi, na wazee wa pande zote wakiwapo, ili isije ikasemwa kwamba shefu wa kabila fulani aliwahukumu wa kabila jingine. Mwulizeni mnunuzi sertifika, mpangaji resi zake, muuzaji garanti ziko wapi. Mwanamke aliyepanga aseme mwenyewe, hata kama mume yupo, maana mara nyingi ndiye aliyelipa.

Mkipatana, andikeni karatasi moja kwa Kiswahili ambayo kila mtu ataielewa: majina, namba ya parseli, kodi, garanti ya kila familia na nani atairudisha, siku ya kutoka, na nani analipa wa kubeba vyombo. Isomwe kwa sauti kabla ya kutia sahihi, kwa sababu wako wasiojua kusoma wanaotia kidole kwa aibu. Nakala moja kwa mnunuzi, moja kwa muuzaji, moja kwa kila familia, na moja ibaki kwa shefu. Garanti irudishwe siku ile ile vyombo vinapotoka, mkononi, mbele ya watu wawili, kabla chukudu haijaondoka.